Mtani Hapewi Pole

Mtani wangu Kobelo,

Watu wengi hukosea kwa kungoja mlima uwashinde ndipo wabadili gia. Wanakanyaga pedali kwa nguvu zote, miguu inatetemeka, na hapo ndipo wanavuta wenzo wa gia. Gia haiingii, baiskeli inasimama, na mtu anaangukia upande wa bondeni. Gia hubadilishwa mapema, mlima ukiwa bado mbele, na mguu ulegezwe kidogo ili meno ya ndani yapate nafasi ya kushikana. Nilikueleza hayo miaka yote, nawe ukanijibu kwa sauti yako ya darasani: "Mwalimu, mlima haujasoma fizikia." Kisha ukaanguka.

Nakuandikia nikiwa barazani kwangu, Kilakala. Baiskeli yako nyekundu imeegemea ukuta mbele yangu. Zamani tulijua baiskeli ya aina moja tu, nyeusi na nzito, na kuipata kulihitaji kibali na mtu wa kumjua. Halafu biashara ikafunguliwa, mitumba ikamwagwa mjini, na wewe ukaikuta hii chini ya rundo. Uliipenda kwa sababu gia zake zimefungiwa ndani ya habu ya nyuma, pale katikati ya gurudumu spoki zinapoanzia, ambapo tope la Uluguru haliingii. Tukaivalisha matairi mapana yenye vipele. Mwalimu mzima wa jiografia, umeshastaafu, ukalala nayo chumbani. Mkeo, Mama Asteria, aliniambia mwenyewe.

Najua ungependa kusikia nilifanya nini msibani kwako. Nilifanya kazi yangu. Mnyamwezi kwenye msiba wa Mluguru haendi kulia, anakwenda kuwachekesha wafiwa wapate kupumua, kama ambavyo ungefanya wewe kwangu. Nilivaa kofia yako nikaipanda baiskeli hii, nikazunguka uani nikiendesha kama wewe, magoti nje, ulimi nje, nikaanguka kwenye majani ya migomba. Jeneza lilipotoka nililala njiani. Nikasema halipiti mpaka mtumwa wangu aamke anirudishie pampu yangu. Mama Asteria alicheka mpaka akaziba mdomo kwa khanga, na mashemeji zako wakaniburuta miguu. Ilikuwa kazi nzuri, Kobelo. Ungejivunia.

Tulipotoka makaburini, watu walipeana pole. Mkeo alipewa, watoto walipewa, hata jirani yule uliyegombana naye kwa ajili ya kuku alipewa. Kwangu walikuja wakitabasamu. "Mtani, umetuvunja mbavu." Wakaniongezea pilau. Baiskeli nikaondoka nayo, maana alichonyakua mtani hakidaiwi, na nikaisukuma mpaka nyumbani huku watoto wakinifuata na kunizomea.

Tangu siku ile mambo mengi yamegeuka. King'ora cha kiwanda cha nguo hakilii tena asubuhi, wanasema kimepata mnunuzi. Vijana tuliowafundisha wanauza nyanya na viatu kando ya barabara ya Dumila, na wakiniona wananipa shikamoo na bei ya mwalimu. Mimi nimekuwa mtu wa kukaa. Jumamosi, siku yetu ya baiskeli, nafua shati ambalo si chafu. Najipikia chai ya watu wawili, halafu naimwaga nusu. Nikikutana na watu wanasubiri niseme kitu cha kuchekesha juu yako. Nasema. Wanacheka, wanakwenda zao.

Jumamosi iliyopita niliitoa baiskeli yako, nikapanda kwa njia yetu ya Bigwa. Mvua ilikuwa imenyesha. Mizizi ilikuwa na utelezi, ukungu umekaa kwenye miti, na ule udongo mwekundu ukashika matairi mpaka vipele vikapotea. Gia ziliingia vizuri, moja baada ya moja. Nilikuwa nazibadili kwa sauti, kama naeleza mtu. Pale penye mawe nikashuka nikasukuma, na hakukuwa na wa kunitukana kwa hilo.

Juu kidogo nilikutana na mama mmoja anashuka na tenga la kabichi kichwani, yule anayetujua kwa sura. Akasimama. "Mzee, leo mwenzako umemwacha wapi?"

Nikamwambia, "Anakuja nyuma."

Akaendelea kushuka. Nikabaki nimeshika breki, na mbele yangu ni mlima mtupu.

Nilipofika kwa dada yako mkubwa, Veneranda, pale mnapolima maharage, nilikuwa nimeandaa utani wangu. Nilimwamkia shikamoo, nikafungua kinywa niseme umenituma kuchukua ndizi. Hakuningoja. Aliiangalia baiskeli, akanipokea usukani na kuiegemeza kwenye mti, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili yenye udongo.

"Pole, mwanangu," akasema. "Na wewe umefiwa."

Mimi, mwenye mvi hizi, nililia, Kobelo. Nililia nimekaa kwenye jiwe la kusagia, na yeye akaendelea kuchambua maharage karibu yangu bila kuninyamazisha. Sikuchekesha mtu. Jua lilipopinda akanipa chai, tukaongea habari za mvua.

Nimekwenda kwa Mama Asteria nikamsimulia yote haya. Akasema hakuwahi kufikiri kwamba na mimi nimefiwa. Wala mimi, kusema kweli.

Nakuahidi nitapanda kwa dada yako kila niwezapo, magoti yakiruhusu, na nikikutana tena na mama wa kabichi nitamwambia ukweli. Lala salama, mtani. Barua hii namwachia binti yako Asteria aisomee familia, na neno la mwisho ni lao na la yeyote atakayeisikia. Kama kuna mtani aliyewachekesha msibani, nendeni kwake leo mkampe pole.