Binti Anaimba, Nikapimwa Masikio Mimi

Binti yangu amechukuliwa na bendi! Bendi ya kweli, yenye tarumbeta tatu na gari lao wenyewe la kubebea vyombo, na ukumbi mpya ulio nyuma ya soko ukifunguliwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu atakuwa jukwaani, kipaza sauti mkononi, na gauni nimelishona mimi. Sasa ndiyo nikusalimie, mpendwa mshauri, hujambo, habari za kazi, samahani kwa kutanguliza furaha mbele ya adabu, lakini furaha ikishanifika kooni hainisubiri.

Naomba msaada, mshauri wangu, maana nimejiingiza mahali na mlango wa kutokea siuoni. Mimi ni fundi cherehani, shule niliishia darasa la saba lakini bibi harusi wote wa mtaa huu viuno vyao ninavyo kichwani, na nina watoto watatu, wote wazuri, sibagui, ila huyu wa kati tunayemwita Chiriku koo lake alipewa kwa upendeleo. Alipokuwa mchanga akilia usiku majirani walikuwa hawagongi ukuta, walikuwa wanafungua madirisha. Nimewaambia watu kwamba yeye ndiye mwimbaji mkuu, sawa, kwa sasa ni mwitikiaji, wako watatu nyuma, lakini katikati anasimama yeye, na mwenye macho anaona mambo yanakoelekea.

Kilichonileta kwako ni hiki. Kiongozi wa bendi ameondoa zile spika za sakafuni ambazo waimbaji walikuwa wanajisikilizia, anataka kila mtu aje na spika zake ndogo za kutumbukiza masikioni, na Chiriku hana, anaazima za rafiki yake, na hizo zinamchomoka kila akifungua kinywa. Akipanda sauti ya juu moja inaanguka mpaka shingoni, hajisikii tena, anatoka nje ya muziki, na kiongozi keshamwambia mbele ya wenzake, "Ukinipotea tena kwenye mazoezi ya mwisho, nafasi yako nampa mwingine." Siku hiyo alirudi hakugusa chakula. Na juzi nikipita mlangoni kwake nikamsikia akimwambia huyo rafiki kwenye simu kwamba inabidi afungulie sauti mpaka mwisho ndipo asikie, na akirudi nyumbani sikio la kushoto linalia kama jokofu hadi asubuhi, lakini huo ni uchovu, mazoezi yamekuwa mengi.

Basi nikaamua nimnunulie mimi, tena zile za hali ya juu kabisa wanazovaa wakubwa, na iwe siri, nimkabidhi asubuhi ya ufunguzi akiwa ameshavaa gauni. Nilikuwa na akiba ya kununua cherehani ya umeme, nikasema hii ya kukanyaga na iendelee kukohoa. Nikaenda dukani. Muuzaji, mstaarabu sana, akaniwekea aina mbili juu ya meza ya kioo. Kuna za tayari, zinakuja na kopo la vifuniko vya mpira na vya sponji, vidogo kwa vikubwa, unavivalisha kama kofia mpaka upate kinachokukaa. Halafu kuna za kupimwa, fundi anachukua umbo la ndani la sikio lako, linapelekwa kiwandani, zinarudi baada ya wiki kadhaa zikiwa zako peke yako duniani. Akaniambia, "Mama, kwa sauti zote ni nzuri, tofauti kubwa ni mkao. Hizi za tayari ukikosea unabadilisha. Za kupimwa zikishatengenezwa hazirudi, na huwezi kumwazima hata pacha wako."

Sasa mshauri, fundi kama mimi niambiwe kuna za tayari na kuna za kupimwa, halafu nichague za tayari? Wateja wangu nitawatazama kwa jicho gani?

Tatizo likawa moja tu. Za kupimwa zinataka sikio, na sikio liko kwa Chiriku, na Chiriku akipimwa siri imekwisha. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu siku aliyozaliwa kila mtu anasema mtoto huyu masikio kachukua yangu. Mkunga alisema. Mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kunisifia hata chumvi, alisema. Basi nikaenda nikapimwa mimi.

Fundi wa masikio akanichungulia kwa kurunzi, akaniwekea kipamba chenye uzi, akanijaza uji mzito wa waridi, akasema, "Mama, tulia usiongee mpaka ugande." Mimi nikamuuliza tu unachukua muda gani, na kama ana familia, na mke wake anashona wapi. Akautoa akaanza upya. Akauliza, "Ni za kazi gani hizi?" Nikasema za kuimba. "Nani anaimba?" Mshauri, ulimi ukateleza, nikasema mimi. Akasema mwimbaji anapimwa kinywa kikiwa wazi, kwa sababu taya likishuka tundu la sikio linabadilika umbo, akanipa kipande cha mpira nikang'ata, na hapo ndipo aliponipata nimenyamaza. Alipomaliza akasema, "Haya mama, imba kidogo nione taya linavyokwenda." Nikaimba. Sikufika kiitikio, akasema inatosha.

Nyumbani nikamsimulia wifi yangu, tunakaa nyumba moja, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi! Umempimia mtoto sikio lako?"

"Ni lilelile. Muulize mama yako."

"Basi na miwani yako umvalishe."

"Una wivu tu. Wako anaimbia bafuni."

"Wangu anaimbia bafuni na haharibu hela za mtu. Nunua za tayari, mtoto ajaribu mwenyewe, ushamba huu uishe."

Toka siku hiyo tunapishana jikoni kama watu waliopanga vyumba tofauti. Baba yake Chiriku nilipomuuliza alisema masikio ni masikio, nimpishe asikilize taarifa ya habari. Na fundi anasubiri, amesema hadi Ijumaa nimpe neno, niseme atume kiwandani au aache, na nikisema atume hakuna kurudi nyuma. Usingizi sipati. Za kupimwa au za tayari, mshauri? Nikichagua vibaya mwanangu atapoteza nafasi, na mtaa mzima nimeshauambia, wateja, ndugu wa pande zote mbili, hadi mwenye duka la vifungo.

Ni mimi, Mama Chiriku.

MSHAURI ANAJIBU

Mama Chiriku, hongera. Nimefurahi pamoja nawe, nimecheka pamoja na wifi yako, halafu nimefika kwenye lile jokofu nikaweka miwani chini.

Umeniandikia habari ndefu ya uji wa waridi na kipande cha kung'ata. Sikio la mwanao linalolia hadi asubuhi umelitaja mara moja tu, tena ukalifunika na neno uchovu. Huo si uchovu, mama. Uchovu ni wa miguu, unalala unaisha. Sikio linalolia kila baada ya makelele linasema limezidiwa, na ukiendelea kulizidishia, siku moja linaweza kulia lisinyamaze tena. Unahangaika asipoteze nafasi kwenye bendi. Hangaika kwanza asipoteze kile anachoimbia. Kesho, si wiki ijayo, mpeleke kwa daktari wa masikio. Na mpaka hapo asitumbukize chochote sikioni, cha kuazima wala cha kununua.

Sasa hilo la kupimwa wewe. Nakuuliza kama fundi: nikikuletea kitambaa cha bibi harusi nikakwambia umpime mama yake kwa kuwa wamefanana, si ungenifukuza na kitambaa changu? Mkunga aliona masikio kwa nje. Ndani ya tundu hakuchungulia yeye wala mama mkwe wako. Hata la kwako la kulia na la kwako la kushoto hayalingani. Ungempa mtoto zawadi ya gharama inayomfinya upande mmoja na kupwaya upande wa pili, naye kwa kukupenda angevaa hivyohivyo, akatabasamu, akafungulia sauti mpaka mwisho. Nenda kwa huyo fundi leo, umwambie aache, na umwambie ukweli nani anayeimba. Nadhani ameshakisia.

Umeuliza za kupimwa au za tayari, nami sikukwepi. Nunua za tayari, za hali nzuri. Najua hilo linakuuma kikazi, lakini za kupimwa si daraja la juu la za tayari kama unavyodhani. Zinamfaa mtu ambaye masikio yake ni mazima, kazi yake imetulia, na ana muda wa kuzisubiri na kuzirudisha zikasuguliwe zikimbana. Mwanao hana hata kimoja kati ya hivyo kwa sasa. Ufunguzi ni mwisho wa mwezi, kiwanda kinataka wiki kadhaa, utampa sanduku tupu?

Daktari akiruhusu, mwende dukani na mwenye masikio. Avae, afungue kinywa chote, apande ile sauti ya juu inayomwangushia zile za kuazima, atikise kichwa, atembee. Ajaribu kila kifuniko kilicho kwenye kopo, na asishangae sikio la kulia likitaka kidogo na la kushoto kikubwa. Vya sponji vinashika vizuri zaidi kwa watu wengi, avianze hivyo. Zikiziba sawasawa makelele ya nje yatapungua, na hapo atapunguza sauti mwenyewe bila kuambiwa. Hiyo ndiyo faida unayoinunua, si jina lililoandikwa kwenye boksi. Na akidumu kwenye kazi, muuzaji anaweza kumpimia vifuniko tu vya kuvalisha juu ya hizohizo. Roho yako ya ufundi itapata chake.

Siri izikwe leo. Keti naye umwambie ulimsikia kwenye simu. Usianze kwa kugomba kwamba alikuficha, maana na wewe ulikuwa unamficha. Kama daktari atasema apumzike, apumzike, hata kama ni siku ya ufunguzi yenyewe. Na kwa kiongozi wa bendi aende mwenyewe. Usimfuate nyuma na kitambaa cha kufutia jasho. Ni mtu mzima mwenye kazi, atafanywa mtoto wa mama mbele ya tarumbeta zote tatu.

Wifi yako mwombe radhi. Alicheka vibaya lakini alisema sawa. Na wale wote uliowatangazia, kama mambo yatabadilika, uwatangazie wewe mwenyewe, kwa sauti ileile.

MAMA CHIRIKU AMETUANDIKIA TENA

Jumamosi haimbi! Nimesema, nimetua. Shikamoo kwa wanaostahili, wengine hamjambo.

Fundi nilimwambia aache, kisha Chiriku nikamwambia yote. Alicheka habari ya mimi kuimba kwa fundi mpaka akakaa chini, kisha akalia, kumbe alikuwa anaogopa peke yake muda wote huo na akidhani nikijua nitamwachisha. Daktari amekuta nta imesukumwa ndani na zile za kuazima, ameisafisha, na amesema sikio limechoshwa na makelele, akae mbali na makelele wiki mbili kisha atalipima tena. Mlio umeanza kupungua. Alikwenda kwa kiongozi wake mwenyewe, mimi nilibaki nyumbani nikashona shati la mtu mikono miwili ya kushoto. Kiongozi akamwambia nafasi ya ufunguzi ataiziba mwingine lakini yake ipo, na kwamba yeye sikio lake la kulia linalia mwaka wa sita, asiende njia hiyo.

Daktari aliruhusu ajaribu mkao tu, bila sauti. Dukani tulikwenda na wifi, ndiye aliyeshika kopo. Chiriku akavaa bila kuziunganisha na kitu, akafungua kinywa, akapanda. Watu waliokuwa kwenye meza ya kioo waligeuka, nami sikusema huyu ni wangu, wifi alinitangulia kusema. Hazikutoka. Kulia kidogo, kushoto cha kati, vyote vya sponji. Sauti atazitilia akishapimwa tena.

Kwa hiyo wateja wangu, ndugu wa pande zote mbili, na wewe mwenye duka la vifungo: Jumamosi niliyowaambia mimi si yetu. Atakayekwenda ampigie makofi huyo msichana aliyeshika nafasi, sitaki kusikia mtu kazomea. Chiriku wangu, daktari akishamruhusu, ataimba Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa kumi jioni, ukumbi uleule, safu ya nyuma, katikati. Njooni wote Jumapili hiyo.