Tepu Isiyosubiri Swali

Mosocho, Jumanne, 1975

Imeshindikana tena. Nilitoboa majibu yote kwenye tepu ya karatasi ya teleksi, mashine yetu ya kutumia maandishi kwa waya, ili kompyuta ya Nairobi idhani kuna mtu hapa Kisii anayeijibu kwa taipu. Lakini tepu haisubiri swali. Kompyuta ilipouliza jina, tepu ilikuwa imeshafika kwenye tarehe.

Bosi akacheka. "Wewe nawe! Kama haiwezi kujibu, Ijumaa mashine hii inarudi Nairobi."

Na kazi yangu inaondoka nayo.

Nyumbani nikamwinamia baba, ambaye hajatamka neno tangu apigwe na kiharusi. "Tata, habari ya…"

Mama akadakia kutoka jikoni, "Hajambo! Amekunywa uji wote, anakusalimu!"

Hujibu hivyo kila siku, nami huridhika. Leo nikatazama kikombe cha baba. Uji wa wimbi ulikuwa umeganda, haujaguswa.