Baba Anangoja Dawa Yako

Mjimwema, Songea

Mwanangu Careen,

Bibi Lidwina hajambo, mdogo wako Aidan hajambo, hata kuku wako mwekundu ameangua saba. Mimi mzima. Baba yako naye anakusalimu sana.

Tangu uanze huo mwaka wako wa mazoezi ya maabara, huko kwenye kiwanda cha dawa, anakutangaza jumuiya nzima. Lakini mwanangu, vidonge vyake vya presha, vile vya boksi la bluu, ameacha kumeza, wiki ya tatu sasa. Nikimwuliza anasema, "Hivi vya watu baki vya nini? Nangoja vya binti yangu." Jumapili alishika ukuta wa kanisa asianguke, akadai kakanyaga jiwe.

Mimi hanisikii. Mwandikie upesi, mwambie hivi vya boksi la bluu umevipima wewe mwenyewe. Mungu atatusamehe wote wawili.

Mama yako,
Odilia