Udongo wa Kiunga

Mpendwa Zuhura,

Huku Hurlingham hatujambo. Nyanya yako anakusalimu, goti limetulia. Barua pepe yako niliisoma saiba, kwenye duka la intaneti, ila kujibu napenda kalamu.

Wauliza kwa nini dawa mpya za kuua bakteria hazipatikani, na mashine zipo tele. Ujanani nilifanya kazi maabara hapa Nairobi. Vijidudu vya udongoni hutoa sumu ya kuua wenzao, na humo ndimo tulimotafuta dawa. Kila aliyekwenda kwao alirudi na udongo. Kwetu Kiunga, pwani ya kaskazini, tulishahama kwa kukosa usalama, hakurudiki kuishi. Shangazi alipita huko akaniletea kifuko. Nilitamani sana dawa itoke kwetu.

Udongo ule uliua bakteria kweli! Miezi ikapita, tukagundua ni dawa ya zamani, inauzwa kila duka. Kazi hii ndivyo ilivyo: ukipatacho, mara nyingi kimeshapatikana.

“Pole, mtu wa pwani,” Njoroge, mwenzangu wa mezani, akacheka. “Hiyo hata mimi nimeitoa hapo Adams Arcade, nyuma ya kibanda cha viazi.”

Nilinyong’onyea. Jioni nikatembea Barabara ya Ngong, mvua imetoka kunyesha, na kwa mara ya kwanza ardhi ya Nairobi ikaninukia kama ya kwetu.

Babu yako,
Athmani