Nani Ataonja Kwanza

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kukuandikia bila kukuamkia siwezi, ungeninunia.

Mama Mkubwa amepiga simu tena leo asubuhi. Jumamosi ya wiki ijayo tunakufanyia ibada ya kumbukumbu ya mwaka, hapahapa Chanika kwako, na anataka mbege, pombe yetu ya ndizi, iwepo. Nipike mimi, kwa sababu ni mimi uliyenifundisha. "Mkono wa mama yako uko kwako," kasema. Ndizi zinafika kesho kwa basi kutoka Moshi. Nikajibu sawa, Mama Mkubwa. Nimekata simu, nikakaa kukuandikia.

Mpika pombe ndiye anayeonja kwanza, unajua. Wewe hukuwahi kumpa mteja kata yake kabla hujapiga funda lako mbele yao wote, waone hujawawekea kitu. Siku hiyo watanitazama mie. Na mie nimeacha, Mama. Funda moja tu likipita hapa kooni, sijui kama nitarudi tena.

Ulipoondoka nilizidisha. Nilikuwa nalala na nguo za kazini, Baraka wangu anajivalisha sare mwenyewe na kwenda shule bila chai. Nesi wa zahanati ndiye aliyeniuliza, kwa sauti ya chini, kama nakunywa. Nikamwambia nakunywaga kidogo. Akanielekeza Segerea, kuna watu wanakutana Jumatano jioni kwenye madarasa ya shule ya chekechea, walioacha na wanaotaka kuacha. Nikafurahi ni Segerea. Kule nani ananijua?

Sasa sikia aibu niliyoipata. Nimefika, nimeingia darasa la kwanza nililoona lina watu. Wakanipokea kwa bashasha, wakanipa kiti cha watoto, magoti yanakaribia kidevu. Dada mmoja akaniuliza, "Wewe upande gani, wa kike au wa kiume?" Nikajua ndivyo wanavyotugawa. Nikasema wa kike. "Basi tusaidie kamati ya vinywaji, huko tuko wachache." Kikao cha harusi, Mama. Nimetoka Chanika kwenda kuacha pombe, nikakabidhiwa pombe niisimamie. Ungecheka mpaka khanga ikufunguke. Mie nilitoka nje, nasema basi, hii haikupangwa, narudi nyumbani.

Kibarazani nikakutana uso kwa uso na Mzee Aloyce. Huyohuyo mteja wako wa Jumapili, wa benchi la karibu na tangi la maji. Nilitamani ardhi inimeze, maana nilijua kesho yake Chanika nzima itakuwa na habari zangu. Akaitikia shikamoo yangu, akasema taratibu, "Ni darasa la mwisho, binti yangu. Hata mie naenda huko." Kumbe. Na wewe ulimnunia mpaka unakufa, ukidhani kahamia kwa muuzaji mwingine. Ulimwonea bure.

Kule hakuna anayekushangaa. Unasema jina lako na kinachokusumbua, wenzio wanasikiliza, chai ya tangawizi inazunguka. Siku ya kwanza nilisema jina tu nikalia. Siku hizi sikosi Jumatano.

Jana niliwaeleza habari ya kumbukumbu yako. Mmoja akasema nisiende kabisa. Nisiende kwenye kumbukumbu ya mama yangu? Mwingine akasema nidanganye natumia dawa. Mzee Aloyce hakutoa ushauri wowote. Aliniuliza tu, "Kwani nyie watoto alikuwa anawapa nini?"

Nimelifikiria swali hilo njia nzima. Togwa, ile tamu isiyolewesha. Ulikuwa unatutengea kwenye kidumu kile cha kijani, kabla hujahudumia mtu yeyote. "Hii ya wanangu, mtu mzima asiiguse." Tena na yenyewe ulikuwa unaionja mbele yetu, utafikiri na sie ni wateja. Nakukumbuka mdomo wako na ule unga wa ulezi juu yake. Nakukumbuka sana, Mama, na mchana ndiyo mbaya zaidi.

Naogopa. Mama Mkubwa atasema nimekutia aibu mbele ya ukoo, na wajomba wataniuliza tangu lini togwa ikapewa watu wazima. Labda wataondoka mapema. Simu iko hapa mezani, nishaigeuza uso chini mara kadhaa.

Lakini nakuahidi hivi. Ndizi zikifika nitaziingiza kwenye supu ya mtori siku hiyohiyo, zikiwa bado mbichi, nisizipe nafasi ya kuiva. Togwa nitaipika Ijumaa kwenye sufuria lako kubwa, ili Jumamosi iwe bado tamu, haijachacha. Nitasimama palepale ulipokuwa unasimama, na Mzee Aloyce kasema atakaa benchi lake. Nitawaambia wote kwa mdomo wangu kwamba nimeacha. Halafu nitachota kata ya kwanza na kuionja mbele yao, kama ulivyonifundisha.

Pumzika, Mama. Acha nimpigie dada yako sasa hivi, kabla sijaghairi.

Mwanao,
Manka