Sare Aliyoikataa Mariat

Kimaka, Jinja
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mpendwa Kaka Muzafaru,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Mombasa? Kile kifua kimepoa? Sisi miili ni mizima, alhamdulillahi. Mioyo ndiyo imelemewa.

Jumamosi timu ya vijana ilikwenda Mbale kucheza chesi, nami nikawasindikiza. Mpwa wako Mariat alishika kete nyeusi, akafungua kwa ule Ulinzi wa Kifaransa uliomfundisha wewe: askari wa mfalme hatua moja, kisha kujifungia na kungoja. Mpinzani wake alikuwa Nandutu, msichana mpole wa Malukhu.

Mvua haikuwa imetufikia, lakini mlima Wanale ulikuwa umemezwa na wingu, na mto nyuma ya shule ulianza kunguruma. Nandutu alikuwa mbele kwa farasi mmoja, ila macho yake hayakutoka dirishani. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Tutoke sare. Jaja yangu, bibi aliyenilea, yuko peke yake kando ya mto, na hawezi kutembea."

Mariat akamtazama kocha Norman. Kocha akatikisa kichwa. Bila ushindi huo timu yetu ingetolewa. Mariat akasema, "Tuendelee."

Wakacheza kidogo. Mto ukabadili sauti. Nandutu akainuka ghafla, akakimbia, na saa yake ya mchezo ikaendelea mpaka muda ukaisha. Mwanangu akatangazwa mshindi. Tulipokuwa tunaondoka, maji yalikuwa yamekwisha kuingia barabarani, mekundu.

Jana mwalimu wao alipiga simu. Nandutu alifika nyumbani, akambeba bibi yake mgongoni hadi msikitini. Kisha akarudi kumtoa jirani aliyekuwa akipiga mayowe. Nyumba zote mbili zimechukuliwa na maji. Yeye na jirani hawajaonekana.

Mariat hali chakula. Aliniuliza, "Mama, ningekubali ile sare, si angewahi?" Nikamwambia hayo ni ya Mungu. Akanijibu, "Niliyeulizwa ni mimi, Mama."

Mpigie simu, kaka. Wewe huwa anakusikiliza. Mimi maneno yameniishia, na tangu asubuhi upande wa Mbale anga ni nyeusi tena.

Msalimie wifi, na Faizal umwambie shangazi anamkumbuka. Shemeji yako Nasuru anakusalimu sana. Mola awaweke mahali pakavu, nyote.

Dada yako akupendaye,
Naigaga

Sijaifunga barua, simu imelia. Wamempata Nandutu. Kesho tunakwenda kuzika, na Mariat anasema atakwenda mwenyewe mbele ya yule bibi, amwambie ni yeye aliyekataa.