Paka Anayeshtuka

Jumamosi, 5 Julai 2025
Kosa la wengi wanaobuni midoli ya roboti ni kudhani uhai uko usoni. Wanahangaika na macho na manyoya. Uhai uko katika kusita! Paka wangu ni sponji, kipande cha kanga, mota ndogo na betri ya simu kuukuu. Lakini piga makofi — anashtuka, anasita, kisha anatetemeka. Akihisi joto la mwili, anatulia. Nimempa Samiha, binti wa jirani yangu Mwanamkasi, amjaribu. Kampakata, kaniuliza, "Babu, anamwogopa nani?" Swali limenikaa vibaya.

Jumatatu, 7 Julai
Mwanamkasi kapita na mtoto mchanga mgongoni. "Shikamoo Mwalimu. Paka wako mwoga kumshinda baba Samiha!" Tumecheka, nami nimempa paka wa pili. Mtaa wetu mzima wa Makorora unajua baba Samiha anavyokimbia mende.

Jumatano, 9 Julai
Nimebisha hodi kwa Mwanamkasi, nikakuta chetezo sakafuni, makaa mekundu, ubani unafuka. Juu yake Samiha kamshika paka, kamfunika kanga. Anamfukiza! Mama yake ndiye kamwelekeza: mtoto akishtukashtuka, hufukizwa. Na paka katulia tuli. "Si unaona, Mwalimu? Dawa imemkubali."
Haikuwa dawa. Ni joto — mimi ndiye niliyemtengeneza atulie akipata joto! Nimemnyakua. Tumbo lake, ilimo betri, limevimba. Betri ya namna hii ikichemka hujaa gesi, na ikipasuka hutoa moto mkali ghafla. Mtoto mchanga alikuwa amelala kwenye mkeka uleule.
Nimeitoa betri nje, nikawaeleza polepole, mara mbili. Samiha kalia, akidhani paka anakufa.

Alhamisi, 10 Julai
Alfajiri Mwanamkasi kaja mwenyewe, hana mzaha. Yule paka wa pili niliyempa kampelekea dada yake, Bi Time, Maramba. Ana mjukuu wa kunyonya. Jana asubuhi, kabla sijabisha hodi, alimpigia kumpa habari njema: paka akitetemeka, mfukize, atatulia.
Tangu jana jioni simu ya Bi Time haipatikani. Huenda umeme umekatika tu. Huenda! Maramba sasa ni baridi, makaa wanayaingiza chumbani. Paka atatetemeka, watamsogeza. Atatulia, watamwacha palepale. Mwanamkasi ananiangalia nikiandika. "Mwalimu, sema neno basi."
Naweka kalamu chini. Napanda gari la kwanza la Maramba, nikaitoe ile betri.